Kinga ya Nakijwa

Maziwa hayatoki. Nakijwa amejifungua juzi, mkwewe kampikia uji wa pilipili manga sufuria nzima, lakini mtoto analia njaa, na maziwa ya kopo anayatapika. Mumewe, Mbonea, haelewi.

"Ni ile chanjo wanayopewa wasichana wote," nesi wa kliniki aliwaambia. "Tulizifunga protini zinazoamuru chembe za titi zigawanyike, saratani isipate mlango. Sasa homoni za uzazi zinapiga hodi, hakuna wa kuitikia."

"Si mzifungue!"

"Zikifunguliwa hazifungiki tena, baba. Na mama mzazi wa mkeo alikufa kwa saratani ya titi."

Mbonea akauliza: "Sasa nichague nini?"

"Kwani titi lako?" Nakijwa akamkata. "Fungueni."

Mtoto alinyonya, akashiba. Nakijwa akapoteza kinga yake ya maisha. Mbonea akapoteza utulivu: kila alfajiri vidole vyake humpapasa mkewe kifuani vikitafuta uvimbe, na hajui tena kama ni mapenzi au hofu.