Maji Yaliyopigwa Radi

Umeme ulipasuka ndani ya bomba la kioo la mtambo wetu mpya wa kusafisha maji kwa mwanga wa zambarau, na maji machafu ya kutia rangi batiki yaliyoingia mekundu yakatoka meupe pe.

Afisa wa mazingira akainua chupa juani, akachungulia. "Hapa sina neno, mama. Fungua karakana yako." Akaanza kutafuta muhuri mkobani.

Wafanyakazi wangu wakapiga makofi. Mimi nilikaa chini nikalia. Miezi mitano tulikuwa tumefungiwa. Nilishauza hata cherehani ya marehemu mama.

Jirani yangu Wuryani alishafika na ndoo, mtoto kiunoni. Rangi yangu ndiyo iliyoharibu kisima chake. "Leo mwanangu ataoga maji ya watu," alisema akikinga ndoo. "Si yale yako, nusura yamgeuze nyanya mbivu!" Watu wakaangua kicheko.

Sisi mafundi wa rangi ya nili hatuamini macho. Pipa la rangi tunalionja ndipo tujue kama liko tayari. Kwa mazoea tu, nilichovya kidole ndooni, nikakiweka ulimini.

Yalikuwa makali kama siki, yakaniuma hadi kwenye fizi. Ile radi ya bombani ilikuwa imeondoa rangi tu, si sumu.

Afisa alishaupata muhuri, anaupulizia. Wuryani alishamvua mtoto shati, kata ya maji imejaa mkononi.

"Vipi dada, matamu?" Wuryani aliniuliza.

Niliipokonya ile kata, nikaipiga ndoo teke. Maji yakamfikia afisa viatuni, na muhuri wake ukabaki hewani.