Betri ya Bi Mwanaidi

Asubuhi ile kipimo cha sukari kilipogoma kuwaka, Twaibu aliona amepata hoja aliyokuwa akiitafuta. Alikuwa amekuja na gari kumchukua mama yake akaishi kwake, na mama alikuwa amekataa katakata.

"Unaona, mama? Betri imekufa na wewe huna habari. Siku moja utaanguka humu ndani peke yako. Funga mizigo, twende."

Bi Mwanaidi alikifungua kipimo kwa nyuma, akatoa kibetri bapa kama kifungo cha koti, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe funguo za gari."

Twaibu alimpa, akidhani amelegea. Mama akachukua kisu cha kumenyea vitunguu, akakipenyeza kwenye ufa wa rimoti ya gari iliyokuwa kwenye funguo hizo, akaibandua. Ndani mlikuwa na kibetri cha aina ileile.

"Mama! Rimoti yangu hiyo!"

"Ufunguo wa chuma unao, gari litafunguka. Mimi kipimo ninacho hiki kimoja."

Akakipachika kibetri, kipimo kikalia. Akajitoboa kidole bila kukunja uso, akagusisha damu kwenye utepe wa kupimia, na wote wawili wakainama kusubiri.

"Haya, soma."

"Sita nukta moja," Twaibu alisema taratibu. Sukari ilikuwa sawasawa.

Alivuta kiti akaketi. Mama alikuwa amekwisha kumpa mgongo, anakoroga uji kwa mkono mmoja, na kidole chenye damu amekisimamisha juu.