Teke la Bunduki Nyepesi

Tok. Tok. Tok.

Majogoo wa kambi ya reli walikuwa bado wamelala. Suzanne aliuma ncha ya blanketi asicheke. Mezani, karibu na taa ya mafuta, mume wake Amédée alikuwa akigongea risasi kwenye maganda kwa nyundo ndogo ya mti, kama kila Jumamosi.

"Gonga polepole, Baba Kapenda. Utaamsha watoto na nyama yote ya pori."

"Nyama iamuke tu. Leo nitakuya na nguruwe."

Suzanne akaliuma blanketi tena. Jana, Amédée alipokuwa kazini, yeye alikuwa amemwaga baruti yote ya kopo na kutia mahali pake makaa aliyoyatwanga mpaka yakawa laini. Kwa mwanga wa taa ile hakuna jicho ambalo lingetambua.

Hakufanya hivyo kwa ubaya; alitaka tu teke la bunduki lisimwumize tena. Bunduki ya Amédée ilikuwa nyepesi, ya kuwindia swala, aliyoachiwa na msimamizi mmoja aliporudi Ulaya. Amédée aliona risasi zake ni ndogo mno, akaanza kutengeneza zake mwenyewe. Aliokota mihuri ya madini ya risasi, ile inayofunga milango ya mabehewa, iliyokatwa na kutupwa, akaiyeyusha, akaimimina katika kalibu. Risasi zilitoka nene, nzito. Rafiki yake Kabwe alimwonya kwamba bunduki nyepesi ikitoa risasi nzito, hasira yote inamrudia aliyeishika.

Na kweli, kila Jumamosi Amédée alirudi bega limevimba. Nyama hakurudi nayo hata mara moja.

Suzanne alilikanda bega lile kwa maji ya moto. Akashona mto mdogo wa pamba ndani ya koti, pale kitako cha bunduki kinapokaa. Jioni mto ulirudi umejaa vipande vya magome.

"Niliegemea muti," alisema Amédée, "teke isiniangushe."

"Na nguruwe?"

"Aliniangalia, akaenda."

"Muntu mwenye kukimbia mama bukwe wake, nguruwe atamuweza wapi?"

Mila haikumruhusu Amédée kuonana uso kwa uso na mama mkwe wake, Mama Ndaya, naye alikuwa mtu wa kushika mila. Siku moja mama huyo alitokea stesheni bila habari, Amédée akarukia behewa la makaa na kukaa humo mpaka jioni. Kambi nzima ilicheka.

Kwa hiyo ni Suzanne peke yake aliyekwenda kijijini kwa mama yake kila Jumapili baada ya misa. Mguu wa mama ulikuwa umeanza kukataa safari za msituni, lakini nyuma ya jiko hapakukosa magogo mapya ya kuni. Ukimwuliza, alisema Mungu ni mwema. Suzanne aliamini kwamba Mungu huyo ni kaka yake Lucien, anayefanya kazi kwenye treni.

"Lucien anakumbuka mama," alimwambia mume wake walipokuwa wakila bukari, ugali wao wa jioni. "Weye unakumbuka nguruwe tu."

Amédée alimega tonge lingine.

Jumamosi ile ya makaa, Suzanne alimngoja mlangoni na kicheko chake tayari. Amédée akaja taratibu, koti mkononi. Bega lilikuwa limechubuka kuliko siku zote.

"Ilipiga teke?" Suzanne aliuliza.

"Leo njo ilipiga kabisa, Mama Kapenda."

"Na ilitoa sauti?"

"Mpaka masikio yangu yakaziba."

Suzanne alichemsha maji, akalikanda bega kama kawaida. Makaa hayalii kama baruti. Basi mume wake alikuwa anashinda wapi?

Akakumbuka swali la jirani yake Germaine, alilolichukulia kuwa mzaha: "Bwana yako iko anawinda nyama gani yenye haina damu?" Wanaume wa kambi waliokuwa na nyumba ya pili walijulikana, na wote walianza kwa safari za Jumamosi. Suzanne aliamua kwamba akimkuta kwa mwanamke, hatarudi kambini. Siku hiyohiyo atakwenda zake kwa mama yake.

Wiki iliyofuata aliwaacha watoto kwa Germaine, akamfuata mume wake kwa mbali. Amédée aliacha barabara, akaingia msitu wa miombo kwa kijia ambacho Suzanne hakuwahi kukipita. Ukungu ukammeza. Kwa muda mrefu Suzanne alisikia shoka tu mahali fulani mbele, kisha hata shoka likanyamaza.

Jua lilipopanda alifika nyuma ya ua wa matete. Bunduki ilikuwa imetundikwa kwenye tawi, kama kofia ya mtu aliyefika kwake. Ndani ya ua, mwanamke alikuwa anacheka kwa sauti ya chini.

Suzanne alipanua matete kwa vidole.

Amédée alikuwa anatembea kinyumenyume, uso ameugeuzia msituni, gogo kubwa la mti begani. Akalitua polepole penye mengine, nyuma ya jiko.

Ndani ya jiko, Mama Ndaya alikuwa ameketi, mgongo ameuelekeza mlangoni kama mila inavyotaka, akiongea na mbuzi wake.

"Weye mbuzi, ambia ule mukwe wangu mwenye sijaona uso: kuni zimetosha, bega yake ipumzike. Lakini Jumamosi ingine arudi tena, hata mikono mitupu."