Baba wa Punje Ndefu

“Apimwe baba!” Kufuli aligonga meza mpaka vikombe vikaruka. “Kabla hamjaipitisha mbegu hii, baba yake apimwe. Vinasaba havijui kudanganya.”

Wanakamati walitazamana. Ng'ambo ya meza, shemeji yake, mke wa mdogo wake wa tumbo moja, aliendelea kufuta kibano chake kwa kitambaa, wala hakuinua uso.

Chuki ya hawa wawili ilijulikana kituo kizima, kuanzia mlinzi wa getini. Wote ni watafiti wa mpunga, vitalu vyao vimepakana, seng'enge katikati. Mwanamume walimwita Kufuli kwa sababu alifunga kila kitu: geti, kabati, hata ndoo ya maji. Sasa kiti cha mkuu wa kitengo kilikuwa wazi, na atakayepitishiwa mbegu ndiye angekikalia. Mwenzake angepelekwa ghalani kulinda magunia na panya mpaka astaafu.

Ugomvi wenyewe ulianza miaka saba nyuma, siku shemeji alipokuja kwenye seng'enge.

“Shemeji, nigawie konzi moja tu ya ile arobaini yako.”

Arobaini ulikuwa mpunga wa Kufuli. Punje zake ndogo, ndogo hasa, lakini shina halianguki kwa upepo na mashine haivunji hata punje moja. Mpunga wa shemeji ulikuwa kinyume chake: punje ndefu, nene, tamu kwa macho, halafu ukikobolewa unatoka chenga tupu.

“Hata ganda hulipati,” Kufuli alimjibu. “Nenda kachambue chenga zako.”

Mwanamke akaenda zake.

Wiki chache baadaye, wakati wa chai, akatangaza mezani kwa sauti ya mtu anayeongea na viziwi. Jioni hiyo angekata maua ya mpunga wake na kuondoa chavua yote kwa kibano, na kesho mchana angeyapa chavua ya baba. Kisha akashika shavu. Jino! Kesho hiyo saa sita angekuwa kwa daktari wa meno, kwa hiyo kazi ingengoja mpaka arudi.

Kufuli chai ilimshuka vizuri siku hiyo.

Kesho yake saa sita aliruka seng'enge, mtu mzima na ndevu zake. Chavua ya mpunga haina maisha, dakika chache tu imekufa, kwa hiyo alichukua iliyokuwa karibu: mashuke ya arobaini yake, yaliyochanua hatua tatu kutoka pale. Mifuko ya karatasi iliyofunika maua ya shemeji ilikuwa imebanwa klipu moja moja. Mzembe we! Akaifungua, akakung'uta chavua, akaifunga. Alijua udogo wa punje hufunika ukubwa. Watoto wa kwanza wangetoka vidudu, na mama wa watu angejua alipo.

Saa tisa shemeji alirudi, akachungulia mifuko yake, akaiongezea klipu ya pili.

“Umechelewa, mama,” Kufuli alisema moyoni.

Na kweli, watoto walitoka wadogo. Kituo kizima kilicheka. Shemeji hakuuliza wala hakununa. Alipanda tena, na kwenye wajukuu, shina moja kati ya manne likarudisha punje kubwa. Akachagua hayo, akapanda, akachagua, msimu baada ya msimu. Leo alikuwa na mpunga wenye punje ndefu na nene ambao mashine haiuvunji.

“Ukiona vyaelea, shemeji,” alimwambia Kufuli walipokutana getini, “vimeundwa.”

Neno hilo lilimkata maini. Mbegu ile ilikuwa damu ya arobaini yake! Angeidai vipi bila kusema kwamba aliruka seng'enge?

Ndipo akaikumbuka bahasha. Kituoni kuna desturi: mtafiti akitaka kuzalisha mbegu, anaandika jina la mama na la baba, anaitia karatasi kwenye bahasha na kumkabidhi mkuu wa kituo kabla maua hayajapewa chavua. Mkuu anaipiga muhuri na kuitia sefuni, na haifunguliwi mpaka siku mbegu inapopitishwa. Bahasha ya shemeji iliingia sefuni asubuhi ya siku ile ile, muda wa saa nne kabla Kufuli hajaruka. Vyovyote alivyoandika, kipimo kingemkana. Angeonekana mwongo, tena mwizi, na mbegu ingerudi kwa mwenyewe.

“Nikikosea,” Kufuli aliwaambia wanakamati, “nakwenda ghalani kwa miguu yangu, na funguo zangu zote nampa yeye.”

“Andikeni hayo,” alisema shemeji. Hilo tu.

Majibu yalichukua wiki tatu. Kamati ilikaa tena, na mkuu wa kituo akasoma.

“Baba ni arobaini.”

“Mwizi!” Kufuli alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Miaka saba alikuwa ameingoja furaha hiyo. “Nilimnyima, akaruka seng'enge yangu akaiba! Fungueni bahasha muone uongo aliouandika! Fungueni!”

“Ifunguliwe,” shemeji alisema, na kibano akakiweka mezani.

Mkuu aliukagua muhuri: tarehe ile, saa mbili asubuhi, haujaguswa. Akakata bahasha kwa kisu, akasoma kimya, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasoma kwa sauti.

“Mama: mpunga wangu wa punje ndefu. Baba: arobaini. Mwenye arobaini nimemwomba, akaninyima. Ataileta mwenyewe leo saa sita.”