Sinki ya Watu Wawili

Sinki za siku hizo zilifundishwa mikono ya wenye nyumba mara moja tu, dukani, na mkono mwingine wowote haukupewa hata tone. Zamda alichagua ya chuma yenye pande mbili, aoshe mchele huku na kupara samaki kule. Akatia mikono. Mumewe, Kombo, naye akatia yake.

"Na wewe, mama," Kombo akamwambia mamake, aliyekuwa anahamia kwao.

Bi Mwanakheri akaficha mikono ndani ya kanga. "Aa, mimi wa nini tena? Tieni nyie."

Zamda alijua ile ni adabu tu. Mtu mzima hukataa kwanza, akabembelezwa. Akafungua kinywa ambembeleze, lakini sinki ikamtangulia.

"Imekubaliwa," ilisema. "Watu wawili."

Chakula cha kwanza kilipoiva katika nyumba mpya, Bi Mwanakheri aliweka mikono chini ya bomba, akangoja, kisha akarudi mkekani na mikono mikavu. Zamda akaleta birika na beseni, akamnawisha kama anavyonawishwa mgeni.

"Ahsanteni, wenyeji wangu," mkwewe akasema, akijifuta kwa kanga. "Kesho nitawaaga."