Macho Mekundu Ndani ya Chupa

Jalila alizuia pumzi. Ndani ya chupa, kati ya nzi wa matunda wenye macho meupe, mmoja alikuwa na macho mekundu kama punje ya komamanga.

Miaka yote ya utafiti alikuwa akimngoja huyu: nzi ambaye jeni yake mbovu imejirekebisha, macho yakarudia wekundu wa nzi wa kawaida. Kumbe angempata hapa Mishomoroni, nyumbani kwa mamake, alikozihamishia chupa umeme wa maabara ulipokatika.

"Una hakika chupa haikufunguliwa?" profesa wake aliuliza kwenye simu. "Nikishatangaza, hakuna kurudi nyuma."

"Wallahi, Profesa..."

"Jalila!" mamake aliita kutoka jikoni.

"Abee, mama."

"Wadudu wako nimewaonea imani, nikawatilia kipande cha ndizi. Na nzi mmoja mdogo kama wao, wa huku jikoni, akaingia. Nimemwacha, naye ana njaa."

Jalila aliinamisha chupa. Ndizi ilikuwa pale chini, imeanza kuwa nyeusi.

"Haloo? Mbona sikusikii?" profesa alisema.

Kidole gumba cha Jalila kilikuwa kimeziba kipaza sauti cha simu, wala hakukumbuka alikiweka saa ngapi.