Nyumba Yenye Upana wa Mlango

Siku ya pili ya juma, tarehe kumi na moja mwezi wa sita, saa ya chai, ndiyo maisha ya muzee Télesphore yalipunguzwa upana.

Chef Modeste, mkubwa wa quartier, ule mtaa wetu wa Ndosho, alifika na kopo la rangi nyekundu. Akasema avenue mpya, barabara pana, inapita hapa. Parcelle ya nyuma, kile kiwanja chake, na nyumba ya mbao iliyokuwa humo, vikapigwa alama, vikaenda na rangi. Muzee akabakiziwa koridori ya kuingilia, ile njia nyembamba kati ya ukuta wa jirani yake mama Henriette na ukuta wa chumba cha maombi.

"Na mimi nitalala wapi, chef?"

"Mutapewa mabati ya kujenga upya. Mradi wa msaada umeshatuma. Iko njiani."

Wakubwa wa mji huu wakikuambia kitu kiko njiani, weye tafuta bâche, turubai la kujifunika. Avenue haikupita. Palipokuwa nyumba ya muzee pakaota depo ya mbao, ghala la shemeji wa chef, mlango wake ukiangalia barabara ya upande wa pili. Mabati nayo hayakufika. Kila muzee akiuliza, jibu ni lile lile: iko njiani. Njia gani hiyo? Hata Kinshasa kwa miguu mutu angekuwa amesharudi.

Basi muzee akajenga ndani ya koridori. Kuta mbili alikuwa nazo tayari, za mawe ya volkano, tena za bure. Nyuma akaegemea mbao za depo, akazifunika kwa kitenge cha marehemu mke wake, Julie. Mbele akatia mlango, juu bâche. Nyumba ikatoka na upana wa mlango wake. Ukitaka kugeuka, unatoka kwanza nje, unageuka, ndipo unarudi.

Mama Henriette alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa Télesphore, hii ni nyumba ao mufuko wa suruali?"

"Cheka tu. Julie angekuwa hai, tungeingia kwa zamu."

"Na kichwa unalaza nyuma kule kwa giza, sababu gani? Hewa si iko mlangoni?"

"Nyuma iko muziki, mama. Upepo ukipiga, ninasikia muziki."

Mama Henriette akaacha kucheka. Ujane, alifikiri, unaharibu watu polepole.

Haikupita muda, chef akaitamani koridori pia: depo ya shemeji ilitaka mlango wa pili. Akatuma neno kwamba kibanda kisichobeba watu si nyumba. Atakuja siku ya posho, yaani jumamosi, kukikagua mwenyewe, na kama si nyumba, kinavunjwa. Muzee hakuwa na pengine pa kulala, labda pembeni ya Julie kule makaburini.

Siku ya posho chef akaja, pamoja na sekretere wake Donat na polisi mmoja, Prodige. Nusu ya quartier ikaja kuangalia.

Sasa, Modeste maana yake mnyenyekevu, lakini huyu chef alikuwa Modeste wa jina tu. Kila mutu alijua: hakuna wa kumtangulia. Mwaka uliopita aliwarudisha bwana na bibi arusi ndani ya kanisa kwa sababu walitoka mbele yake.

"Chef atangulie," muzee alisema, akiinama. "Mahali pa heshima pako nyuma kabisa, karibu na muziki."

Chef akaingia, tumbo likisalimia kuta zote mbili. Donat akafuata, kisha Prodige, wakikanyaga godoro mustari mumoja. Muzee akaweka mbabula, jiko lake la makala, katikati ya mlango.

"Wageni hawatoki bila chai."

"Hatutaki chai!" Sauti ya chef ilitoka mbali kama kisimani. "Tumeona. Hii hapana nyumba. Tutoke!"

Hakuna aliyesogea.

"Prodige, toka!"

"Nikutangulie, chef?"

"Donat!"

"Chef, ile siku ya arusi mimi nilikuwapo."

Moshi ulikuwa unaingia taratibu. Donat akaanza kukohoa. Nje mutu mmoja akapiga kelele: "Chef ajaribu kugeuka!" Chef akajaribu. Tumbo likakataa.

"Basi atoke kinyumenyume!" mwingine akaita.

"Mimi? Kama mbuzi anavutwa na kamba?" chef akafoka.

"Watu watatu, na nafasi ya mbabula," muzee akasema, akipepea makala. "Donat, andika: nyumba inabeba watu."

"Hapana andika! Chef anatoka kwa mbele! Siku zote kwa mbele!"

Kwa ile hasira chef hakufikiri mbele kuna nini. Yeye depo aliizoea kwa mlango wake wa barabara ya pili, na hapa aliona kitenge tu. Akainua mguu, akapiga. Akapiga tena. Mbao zikalia, zikaachana, na chef akatoka wa kwanza, jinsi inavyotakiwa. Donat nyuma yake. Prodige nyuma ya Donat. Muzee akaondoa mbabula, akasema "Karibuni," na quartier nzima ikaingia kwa mlango ikatokea kwa tundu, mmoja mmoja, mama Henriette mbele.

Ndiyo siku avenue ilipita.

Upepo nao ukapita. Ndani ya depo muziki ukaanza: mabati mapya, yamepangwa mpaka juu, yakigongana, kila moja na muhuri wa mradi. Na mbele ya yote, kama kawaida, chef.

Mama Henriette akauliza kwa adabu kabisa:

"Samahani, chef. Haya bado yako njiani, ao yameshafika?"